Viatu Mlangoni mwa Ngome

Kila aliyeingia katika ngome ile ya kando ya bahari alivua viatu mlangoni. Chiyo alipoinama, aliona ndara za mdogo wake, Mitsu, zenye ukanda mwekundu aliomshonea yeye mwenyewe Chiyo, zimelalia viatu vya Tatsuo, mchumba wake Chiyo. Asubuhi hiyo Chiyo alikuwa amempikia Mitsu uji wa mgonjwa, kwa kuwa alisema anaumwa.

"Panda, binti," bawabu alimhimiza. "Wenzako wawili wako kileleni, wamesahau hata kushuka."

"Watashuka, mzee."

Alizitenganisha jozi zile, akazigeuza zielekee nje, kama ilivyo desturi ya mji huo kwa wageni wanaoaga. Kisha akasimama kizingitini, viatu vyake mguuni, akisikiliza vicheko vikikaribia ngazini.