Jirani Mwenye Kigugumizi

Kwenye katuni, mababu wa familia moja walikuwa wakitumbukia kisimani na kukimbizwa na bata. Mtoto alicheka hadi akalala sakafuni.

"Sogokuru, na sisi tulikuwa na watu wa kuchekesha?" alimuuliza babu yake.

Liliane, mama yake, alikuwa jikoni akimenya viazi. Alifurahi kusikia mzee naye akicheka. Tangu atoke gerezani, baba yake amekuwa mtu wa kimya.

"Ukoo wetu hapana. Lakini tulikuwa na jirani, fundi cherehani. Kigugumizi huyo!" Mzee akapiga magoti, akaunganisha viganja. "Ni-ni-niueni mimi, m-m-mke wangu mwacheni!"

"Rudia!" mtoto akapiga kelele kwa furaha.

Kisu kikasimama katikati ya kiazi. Mahakamani mzee alikiri kwamba wakati wa mauaji ya kimbari alipora mabati ya nyumba tu. Siku fundi alipouawa, aliapa, yeye hakuwepo. Mjane wa fundi bado anatafuta mifupa ya mumewe.

Liliane akaingia sebuleni, ganda la kiazi limemgandia kidoleni. Akazima televisheni.

"Baba," alisema, "mlimzika wapi?"