Sinia la Bi Saumu

Sheria iliagiza kwamba anayekisia mtandaoni sababu ya kifo cha mtu aende akale hitima na wafiwa. Hivyo Mwantumu alijikuta mkekani kwa Bi Saumu, mama wa Nargis, mwimbaji maarufu aliyekutwa amekufa pamoja na mumewe. Mwantumu ndiye aliyeandika kwamba Nargis alimtilia mumewe sumu chakulani, kisha naye akala.

Bi Saumu hakumfokea. Alimnawisha mikono, akaweka sinia la pilau kati yao.

"Karibu, mwanangu. Nargis nilimfundisha kupika mimi."

Mwantumu hakuwahi kumstahi mtu kama alivyomstahi mama yule. Bi Saumu alitia tonge la kwanza kinywani, akatafuna taratibu. Mwantumu, mkono juu ya wali, alikuwa akingoja ameze.