Pazia la Bibi Augusta

Bibi Augusta Thornleigh alikuwa amejificha nyuma ya ua wa miba, ndani ya gari lake la farasi, akimvizia binti yake wa kumzaa.

Hatamu zilikuwa zimefungwa vitambaa ili njuga zisilie. Watumishi wake wote wa kiume walilala kifudifudi kwenye mtaro, wakiitazama barabara iendayo Uskoti.

"Watapita hapa hapa," alimwambia Sir Peregrine Stukely, aliyeketi mbele yake akitafuna mkate wa nyama. "Hawana njia nyingine. Philippa ana miaka kumi na tisa, na chini ya ishirini na mmoja lazima mzazi aridhie. Watu wa daraja letu hufunga ndoa kwa kibali cha askofu, na askofu hatoi kibali bila sahihi yangu. Wamebakiwa na Uskoti tu, kule ambako hata mhunzi anafungisha ndoa."

"Huyo kijana ana farasi?"

"Ana punda. Baba yake ni mtengeneza ngozi. Punda ndiye mwenye ukoo bora pale nyumbani."

Sir Peregrine alicheka mpaka makombo yakamrukia kwenye kizibao. Alikuwa na miaka hamsini na minne, mashamba makubwa na meno machache. Bibi Augusta alikuwa ameshamchagua awe mkwewe.

Kijana mwenyewe aliitwa Amos Garland. Marehemu mumewe, Bwana Thornleigh, alipougua, wenye ukoo waliogopa kuambukizwa, na Amos ndiye aliyekuja kila siku kumsomea Zaburi. Bibi Augusta hakuwa mtu asiye na shukrani. Kila Amos alipoondoka, alimtumia salamu za asante kwa mjakazi, kisha akaamuru madirisha yote yafunguliwe.

Siri ya kutoroka aliletewa mwezi uliopita na yaya Tabitha, aliyemlea Philippa tangu utotoni. Alikuja akijifuta machozi kwa aproni.

"Nisamehe, Bibi mkubwa. Mtoto nimemlea mwenyewe, na leo namsaliti. Watatoroka Jumatatu ya kwanza baada ya sikukuu ya Malaika Mikaeli. Asubuhi, barabara ya kaskazini."

Bibi Augusta akamzawadia shali yake kuukuu. Kumfungia binti ndani kusingemfaa kitu. Alitaka amkamate njiani, mbele ya Sir Peregrine, juu ya punda. Baada ya aibu ya namna hiyo msichana atamkubali yeyote.

Ajabu ni kwamba tangu siku ile Philippa alitulia. Aliacha kulia mezani. Kanisani ndiko alikopendeza zaidi. Akina Thornleigh walikuwa na kizimba chao pale mbele, chenye kuta za mbao ndefu kupita kimo cha mtu, jiko dogo la makaa na pazia zito jekundu. Kasisi alipofika kwenye matangazo, Bibi Augusta alikuwa na desturi ya kulifunga pazia, maana hakuona kwa nini asumbuliwe na habari za wachunga bata na wakamuaji wa ng'ombe. Siku hizi Philippa aliinuka kulifunga yeye mwenyewe.

"Kuna upepo, mama."

Kisha alimpa mama yake biskuti ya tangawizi na kumnong'oneza maswali kuhusu nyumba ya Sir Peregrine. Ngazi zake ni za mawe au za mbao? Bustani inatazama wapi? Bibi Augusta alijibu kwa kirefu, mpaka wimbo ulipoanza. Jana mkono wa Philippa ulikuwa wa baridi. Mama mtu akamsogezea jiko.

"Ameanza kukupenda," alimwambia Sir Peregrine sasa. "Bado hajijui tu."

Saa nne hivi kengele za kanisa zikaanza kulia kijijini kwa shangwe.

"Nani anaoa Jumatatu?" aliuliza Sir Peregrine.

"Watu wa chini, nani mwingine? Mungu awabariki," alisema Bibi Augusta, maana asubuhi ile moyo wake ulikuwa mkunjufu. "Na awajalie watoto wanaojua mahali pao."

Hobb, mwendesha gari, akakohoa pale juu kwenye kiti chake. "Bibi mkubwa, samahani, zile kengele..."

"Hobb, nimekuuliza kitu?"

"Hapana, Bibi."

"Basi ukae kimya mpaka uulizwe."

Hobb akarudisha macho kwa farasi, kama alivyofanya miaka kumi na miwili ya utumishi wake.

Bibi Augusta alifumba macho, akamwomba Mungu kwa moyo wake wote asimruhusu binti yake kukanyaga barabara ile. Na Mungu alimsikia. Ilifika saa sita na hakuwa amepita mtu. Sir Peregrine alikuwa akikoroma.

Mwishowe akatokea mzee Jukes, mchunga bata, akitoka upande wa kijijini. Bata walimtangulia wakipiga kelele, na kwenye kofia yake alikuwa amechomeka ua jeupe. Alipoliona gari akasimama, akavua kofia.

"Hongera sana, Bibi mkubwa!"

"Ya nini?"

"Ya harusi, Bibi! Bi Philippa kapendeza, we acha tu. Yaya Tabitha kalia mpaka shali imelowa. Na sisi tulivyokuwa tunakusema kijijini kwamba una roho ngumu, Mungu atusamehe!" Mzee aliikumbatia kofia kifuani. "Jumapili tatu Kasisi kawatangaza, Bi Philippa na Amos. Jumapili tatu kauliza, mwenye pingamizi asimame, na mzazi asiyesimama ndiyo karidhia. Na kila akiuliza, kanisa zima linageuka kulitazama pazia lako, pumzi tumezibana. Halikutikisika hata kidogo."