Mlinzi wa Mawinguni

Palikuwa na Nungunungu mwenye ghala ya karanga yenye milango saba. Akatafuta mlinzi wa kuiangalia yote kutoka mawinguni.

Kunguru akajigamba, "Mzee, mimi nawajua wote kwa sura!"

Tai akasema tu, "Kila anayeingia atanitajia neno la siri."

Siku ya majaribio ya Kunguru, Ngedere alijibandika miiba mgongoni akapokewa kwa shangwe, "Karibu, bosi!" Akaondoka na magunia mawili.

Siku ya Tai, Nungunungu mwenyewe alifika, neno limemtoka kichwani. Tai akashuka akaziba mlango.

Nungunungu akasimamisha miiba. "Unajua mimi ni nani?"

"Ndicho hasa ninachokuuliza, mzee."

Nungunungu akakumbuka yale magunia, akacheka mpaka miiba ikalala. "Kazi umepata! Haya, nipishe."

"Neno, bosi."