Uamuzi wa Baba Ambani

Siku hizi katika raga, trai yenye utata, lile bao la pointi tano, haiamuliwi na refa. Hupelekwa kwenye nyumba moja iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na wote waliomo lazima wakubaliane. Aliyefariki naye huhesabiwa kwa mwaka mmoja baada ya kifo chake. Televisheni humsemea, ikifuata mabishano yake yote ya sebuleni iliyoyasikia alipokuwa hai.

Jumamosi ile Kenya, iliyokuwa imepoteza mechi saba mfululizo, ilikuwa nyuma ya Samoa kwa pointi tatu. Dakika ya mwisho winga wetu alianguka na mpira kwenye mstari, na jina la nyumba yetu ya Kakamega likatokea kwenye skrini.

"Trai," nilisema.

"Trai kabisa," akasema kaka yangu Ambani. Mama naye akakubali.

"Si trai," ikasema sauti ya marehemu Baba kutoka kwenye televisheni. "Mpira ulimponyoka. Mapenzi yamewapofusha nyinyi."

Tulicheka hadi machozi. Alikuwa yeye hasa, refa wa raga ya shule kwa miaka ishirini.

"Mzee, utatuua," Ambani alilalama.

Mama akasogea karibu na skrini. "Baba Ambani, leo tu. Kwa ajili yangu."

Sauti ya Baba ikalainika. "Haya, Mama Ambani. Trai."

Mtaa mzima ulipiga mayowe. Ambani alininyanyua juu, majirani wakaingia kwa vigelegele. Mama alicheza nao, kisha akanivuta pembeni akihema.

"Baba yenu hakuwahi kubadilisha uamuzi," alininong'oneza. "Hata siku moja. Sasa yule ni nani?"