Mgonjwa wa Kuaminika

"Usilie," Ramani aliagiza. "Anayeumwa kweli halii. Kulia kunataka pumzi, na wewe pumzi huna."

Askofu alijilaza vizuri kitandani na kujitahidi kutokuwa na pumzi. Yeye alikuwa kaka mkuu wa bweni, na tangu aingie shuleni hapo hakuwahi kusema uongo, hata kwa mpishi; ndiyo maana wenzake walimbatiza Askofu. Lakini Jumapili alifungwa drafti na Ramani, na sheria ya bweni haikuwa na huruma: aliyeshindwa hutii amri moja ya mshindi, bila kuuliza. Wengine waliamriwa kufua soksi. Ramani, bingwa wa utundu wa shule nzima, aliitunza amri yake mpaka leo asubuhi, muda mfupi kabla ya mtihani wa fizikia.

"Maumivu yanaanzia mgongoni, chini ya bega la kushoto," Ramani aliendelea, macho ameyafumba. "Kama kitu kimechanika. Kisha kifua kinajaa, kama debe linalotiwa maji. Ukiulizwa, jibu maneno mawili, upumzike."

Askofu alikiri moyoni kwamba mwalimu wake aliijua kazi. Ramani alizaliwa na ugonjwa uliomwotesha vinundu laini na mabaka ya rangi ya kahawa mwili mzima, ndiyo sababu ya jina lake. Daktari aliwahi kumwonya kwamba, mara chache sana, ugonjwa huo hulegeza mishipa ya damu, mmoja ukapasukia kifuani na kumuua mtu kabla hajamaliza kueleza. Onyo hilo Ramani alilitumia kwa heshima zote: kwanza kukwepa mbio za nyika, pili kukwepa kufyeka nyasi, tatu kwenda kutazama mpira mjini.

"Mishipa yako inasoma ratiba," Mama Nesi alimwambia mara ya tatu, akaapa kwamba gari la shule halitambeba tena, hata akija na kichwa chake mkononi.

"Wakigundua je?" Askofu aliuliza. "Nitafukuzwa shule, Ramani. Baba atanimeza mzima mzima."

"Amri ni amri. Na useme unataka nikusindikize mimi."

Mama Nesi alipofika, Askofu alisema maneno mawili, akapumzika. Yalitosha. Hofu ilimvaa yule mama kama koti.

"Huyu hajawahi kuumwa hata kichwa! Dereva, washa gari!" Kisha akamwona Ramani. "Na wewe unafuata nini hapa?"

"Namtaka yeye," Askofu alisema, akapumzika.

Mgonjwa alibeba mkoba wake mwenyewe. Msindikizaji alitembea mikono mitupu, polepole, kama bwana harusi anayepigwa picha. Askofu alichukia, lakini mtu anayekufa hana nafasi ya kugombana.

"Kaza mwendo, mjomba," Ramani alimwambia dereva. Walipovuka tuta la kwanza, akabadili wimbo. "Taratibu, mjomba, tafadhali. Mgonjwa anaumia."

Jasho lilikuwa likimtiririka Ramani mpaka kidevuni. Kipaji hicho, Askofu aliwaza, kinapotea bure darasani.

"Unazidisha," alimnong'oneza.

Ramani aliegemea kioo na kutazama barabara.

Hospitalini mambo yalimtoka Askofu mikononi. Alitaka kusema, lakini kila alipofungua mdomo walimvika barakoa ya hewa. Alitaka kuinuka, wakamlaza. Shati lake la sare, lililopigwa pasi jana, likakatwa kwa mkasi. Kando ya kitanda ikasogezwa sinia ya vyuma, na juu yake mrija wa mpira, mnene kama kidole.

"Kama ni damu, huu utapita kati ya mbavu," daktari alisema, akivaa masikioni kifaa cha kusikilizia kifua. "Mkamateni mikono."

Askofu alimtafuta Ramani kwa macho. Alikuwa ameketi kwenye benchi mlangoni, wima, kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa hadi ukingoni. Ramani alitikisa kichwa mara moja, kidogo: ruhusa.

Askofu akaing'oa barakoa. "Sina kitu! Nimedanganya! Ni amri ya drafti!"

Waliomkamata mikono wakaiachia. Mama Nesi ndiye wa kwanza kupata sauti, na yote aliielekeza kwenye benchi.

"Wewe! Nilijua! Umemharibu hata huyu! Leo utaniambia vizuri, mshenzi mkubwa wewe!"

Askofu alisubiri kicheko. Hakikuja. Midomo ya Ramani ilikuwa rangi ya majivu. Alifungua vifungo vya shati kimoja kimoja, akaliachia. Katikati ya mabaka, upande wa kulia wa kifua ulipanda na kushuka haraka haraka. Wa kushoto ulikuwa umetulia tuli.

"Mama Nesi," alisema, akapumzika. "Ungenileta mimi?"