Shuka za Kumlaza Tajiri

"Shoga, hivi shuka za mtumba zinaweza kumlaza tajiri?" jirani aliwahi kumuuliza mjane, akicheka huku ameshika mbavu.

Swali hilo lilimrudia leo, wakala anayewatafutia wageni wakubwa malazi alipotua begi lake katikati ya chumba alichotaka kukipangisha. Akikikubali, wageni watakuja. Akikikataa, nyumba aliyoachiwa na marehemu itauzwa.

Fedha yote ilikuwa imeishia kwenye godoro. Mengine mjane aliyafanya kwa mikono yake: shuka nyeupe za pamba alizozifua na kuzifua tena mpaka zikalainika, kiti cha zamani alichokivika kitambaa kipya, taa moja ya mezani yenye mwanga mpole. Maua ya plastiki aliyoleta wifi yake aliyasukumia uvunguni.

"Mbona kitupu hivi?" wakala aliuliza.

"Macho yameshasema, baba. Hebu jilaze, mgongo nao useme."

Wakala akavua viatu, akajinyoosha kidogo tu, ajaribu. Soksi yake ilikuwa imetoboka, kidole gumba kikichungulia. Kikacheza kidogo, kikatulia. Ukafuata mkoromo.

"Kafa?" wifi alinong'ona mlangoni.

"Kalala! Mungu mkubwa!" Mjane akaziba mdomo kwa mtandio asiangue kicheko, machozi yakimlenga.

Wakala alipozinduka, jua lilikuwa limeshazama. Akavaa viatu kwa haya. Begi akaliacha pale pale katikati ya chumba, akachomoa ufunguo mlangoni, akautia mfukoni kama mwenye chumba, akatoka.